Kitinda Anauliza Kazi Ikoje

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Sababu ni mdogo wangu Kitinda. Ndiye kitindamimba wetu, na jina lake halisi husikika hospitali tu. Jana alinipigia simu akaniuliza, "Kaka, kazi huko ikoje? Niambie ukweli, si ule wa kwenye picha."

Kiwanda chetu cha mikate kitachukua watu wapya mvua zikiisha, na kila aliye kazini ameruhusiwa kupendekeza ndugu mmoja. Jina linatakiwa ofisini kabla mwezi wa tano haujaisha. Kitinda ni mshonaji. Akija huku itabidi aache cherehani yake kwa Mama Pasi, mwenye duka la kushona, ambaye humtukana toka asubuhi hadi jioni, na akishaaga hapo hana pa kurudi, maana Mama Pasi akinuna amenuna.

Nilimjibu kwamba kazi ni nzuri, halafu nikaanza kumweleza tanuri. Tanuri refu, mkanda wa chuma unaotembea, unga unaingia huku na mikate inatokea kule. Yeye akawa anaitikia, "Ehee, ehee." Nilipokata simu nikajiona mjinga, mtu anakuuliza kazi ikoje unamwelezea chuma. Kwa hiyo nitaandika ninayoyaona, mazuri na mabaya, siku ya kumjibu ikifika nimjibu kama mtu mzima.

Nataka aje. Hilo niliandike mapema nisije nikajidanganya mbele ya safari. Nataka aje mpaka najionea aibu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Viatu havijakauka.

Ijumaa, 7 Machi

Mshahara umeingia asubuhi, kama kawaida, bila mtu kuuomba. Kule nyumbani nilikuwa mwokaji kwa mtu tuliyemwita Tajiri, kwa sababu ndiye aliyetuajiri, si kwa sababu alikuwa na kitu. Mshahara wa Tajiri ulikuja vipande vipande: leo kidogo, kesho njoo, keshokutwa mtoto anaumwa. Ukimbana sana anakuuliza, "Kwani mimi nakimbia?" Tulimlaani mchana kutwa, kisha ikifika saa ya chakula tunamzunguka kwenye sinia moja, naye anasukuma minofu upande wa yule aliyemtukana asubuhi.

Hapa kila mtu ana kibakuli chake chenye mfuniko. Wiki yangu ya kwanza nilifunua changu nikamwambia jirani, "Karibu." Akashtuka, akasema ameshiba, wakati kijiko kilikuwa mkononi. Siku hizi nakula nikiangalia ukuta. Ukutani kuna picha inayofundisha kunawa mikono.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna jipya. Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeungua. Trei ilikwama, nikaingiza mkono bila glavu, kujifanya fundi. Kabla sijamaliza kupiga kelele mkanda ulikuwa umesimamishwa na Bi Samahani alikuwa ameshafika. Huyo ndiye msimamizi wetu, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwembamba, ambaye hawezi kufungua kinywa bila kuomba samahani. "Samahani, mkono. Samahani, chini ya maji." Gari la kiwanda likanipeleka hospitali, nikafungwa vizuri, nikapewa mapumziko ya wiki nzima na mshahara wangu uko pale pale.

Mkono wa kushoto nina kovu la tanuri la Tajiri. Siku ile alinipaka dawa ya meno, akanitukana kwa uzembe, akaniuliza mkono wa kulia si mzima? Jioni mkate wa mwisho nikautoa kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nikiwa mkweli, katika hili hawa wa huku wamewashinda wetu mbali kabisa, na Kitinda lazima alijue.

Alhamisi, 20 Machi

Niko chumbani na mkono wangu. Mvua inapiga bati la jirani.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna aliyekuja kuniona. Sikutegemea, ila kila hatua ikisikika kwenye ngazi ninanyamaza kusikiliza inapoishia. Nilipoungua kule nyumbani chumba kilijaa mpaka nikaomba watu watoke nipate hewa. Tajiri mwenyewe alikuja, akakaa kitandani, akaulalia mguu wangu, akaeleza kila aliyeingia jinsi nilivyo mjinga. Wala sikulala. Leo nimelala vya kutosha, na mkono unapona haraka kuliko ule.

Jumatatu, 31 Machi

Kazini tunavaa vizibo vya masikio kwa ajili ya kelele za mashine. Ni sheria nzuri, kule kwa Tajiri nusu yetu tulikuwa viziwi. Lakini mtu ukishaziba masikio asubuhi huongei na mtu hadi mapumziko, na wakati wa mapumziko wengine hawazibui.

Anayepima madonge ya unga kabla hayajaingia kwangu ni mzee mmoja mrefu, mgeni kama mimi, ametoka nchi nyingine kabisa. Mimi humwita Mzee Mizani. Tangu nifike namwambia "Shikamoo mzee, umelalaje?" kabla hajaziba, naye hutikisa kichwa tu. Leo alitoa kizibo kimoja, akasema, "Vibaya. Kiuno." Akakirudisha. Nimefurahi siku nzima, kwa kiuno cha mtu!

Jumatano, 9 Aprili

Wakati wa mapumziko Mzee Mizani alikuja kukaa mbele yangu. Nilimkatia mkate wangu nikamsogezea. Aliutazama sana, kisha akala.

"Wewe kwenu mlikuwa mnalazimishana kula hivi?" akaniuliza.

"Hivi ni kidogo, mzee. Kwetu ungekuwa umeshatafuniwa."

Akacheka puani. Ameniambia hii ni nchi ya tatu kufanyia kazi. Nchi ya kwanza alikuwa mpakua mizigo bandarini, na msimamizi alitembea na fimbo. Ya pili alikuwa mpishi kwenye hoteli, wakachukua hati zake za kusafiria wakazifungia kabatini siku ile aliyofika, na kila tajiri akipita wapishi wote walitakiwa kusimama na kuinamisha kichwa. "Pa kwanza walinipiga," akasema. "Pa pili walinidharau. Hapa hawajanifanya chochote."

"Basi hapa ndipo pazuri."

"Hawajanifanya chochote," akarudia, akaanza kukusanya makombo yake kwenye kiganja. Mpaka sasa sijui alikuwa anasifu au analalamika.

Jumapili, 13 Aprili

Kitinda kapiga. Nyuma yake kelele za cherehani na Mama Pasi anafoka kuhusu kola. Nilikuwa nimejipanga kumweleza habari za kuungua, habari za mshahara, vizibo, vibakuli. Badala yake nikamwambia mvua ni kubwa na tanuri limebadilishwa mkanda.

"Niandikishe?" akaniuliza.

"Subiri kidogo."

"Mama Pasi anataka kujua kama achukue mtu mwingine, kaka. Kasema mvua zikikatika nimpe jibu."

"Subiri kidogo," nikasema tena. Amesubiri. Siku zote ni mtoto wa kusubiri.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nilikwenda kwa Bi Samahani kuulizia nafasi ya mdogo wangu. Alifurahi kweli, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Samahani, wapya wote wanaanza na zamu ya usiku. Mwaka wa kwanza wote. Ni sheria, hatuwezi kumpendelea mtu."

Mimi ni zamu ya mchana. Nikauliza kama naweza kuhamia usiku. Samahani, mwenye kovu la tanuri haruhusiwi usiku mpaka daktari apitishe, na daktari anapitisha baada ya mwaka. Wamenihurumia mpaka wamenifunga.

Nimepiga hesabu hiyo njia nzima chini ya mwavuli. Chumba changu kina kitanda kimoja, na sina uwezo wa kikubwa zaidi. Mimi nikitoka asubuhi yeye ndiyo anaingia. Mimi nikirudi jioni yeye anafunga kilemba aende. Tutakuwa tunapokezana shuka. Itabaki Jumapili, na Jumapili mtu wa usiku analala.

Jumapili, 27 Aprili

Kitinda kapiga. Sikumwambia habari ya zamu. Nimemwambia chumba kina dirisha kubwa.

Nilitaka kumwambia. Ila nilipomsikia tu nikaona hata hizo dakika za kupishana mlangoni si haba. Kutakuwa na kikombe chake kwenye beseni, kitana chake, viatu vyake vya kike vinavyonizuia njia. Mtu akitandika kitanda vibaya nitajua ni nani. Nimemfikiria hivyo mdogo wangu, kama vyombo.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua kutwa. Mzee Mizani anasema kiuno kinajua mvua kabla ya redio. Alileta yai la kuchemsha akanigawia nusu, bila kuangalia upande wangu.

Jumatatu, 12 Mei

Mzee Mizani hajaja. Pale kwake amesimama kijana wa stoo.

Jumanne, 13 Mei

Nilipomuuliza Bi Samahani alinivuta pembeni. "Samahani sana. Alifariki Jumamosi. Moyo." Ubaoni, kati ya ratiba ya usafi na tangazo la viatu vilivyookotwa, kulikuwa na karatasi yenye jina lake, jina ambalo sikuwahi kulijua. Kabati lake lilikuwa limeshafunguliwa na kufutwa. Mkanda ukawashwa saa yake ile ile. Madonge yalikuja yamepimwa sawasawa.

Sikuweza kukaa hivyo hivyo. Mapumziko yalipofika nilimwaga chakula changu, nikaosha kibakuli, nikapita nacho meza hadi meza kama tunavyofanya kwetu mwenzetu akifiwa au akifa. "Mzee wa mizani ametutoka. Chochote ulicho nacho, tuwashike mkono waliobaki." Mmoja akaniuliza ninauza nini. Wengine walitoa harakaharaka wakainamia vyakula vyao. Binti mmoja wa kufungasha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni lazima?"

Kwetu swali hilo huulizwa na bahili, na mpitisha mchango hujibu kwa utani ili watu wacheke na bahili alegee. Ndivyo nilivyojibu. Nilimtolea macho nikasema, "Usipotoa tutakukumbuka!"

Hakuna aliyecheka. Binti akatoa.

Jumatano, 14 Mei

Nimeitwa ofisini. Yupo Bi Samahani na bwana wa ofisi ya wafanyakazi, mtu mpole, amenipa kiti na maji. Akanieleza kwamba mfanyakazi mmoja amelalamika kuwa amechangishwa kwa vitisho. Kwamba hapa ni marufuku mtu kumchangisha mwenzake, kwa sababu zamani wasimamizi wabaya walikuwa wakiwakamua watu kwa jina la misiba na harusi, na sheria ikawekwa kumlinda mnyonge. Nikakumbuka harusi ya mtoto wa Tajiri, tulivyokatwa wote bila kuulizwa, na wakati ule tulicheza ngoma. Nimepewa onyo la maandishi, na kila mtu arudishiwe chake kwa mkono wangu.

Basi mapumziko nikapita tena na kibakuli kile kile, safari hii ninagawa. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Wengine walipokea bila kuniangalia. Yule aliyedhani ninauza kitu alikataa kupokea, akakisukuma kibakuli, akasema, "Nilimpa yeye, sikukupa wewe." Nilipofika kwa binti wa kufungasha alikuwa na machozi tayari.

"Nilidhani mna orodha," akasema. "Nilikotoka tulikuwa tunaandikwa, dada. Usipotoa hupangiwi zamu." Aliniita dada kwa kuchanganyikiwa, kisha akaona kosa lake. Nikamwambia pole. Naye akasema pole. Nadhani kila mmoja alikuwa na pole yake.

Kabla ya kutoka nikamuuliza Bi Samahani kama naweza kupata ruhusa kesho nikazike.

"Ni ndugu yako?"

"Tulikuwa tunafanya kazi pamoja."

"Samahani, ruhusa ni ya ndugu." Akageuka. Nilikuwa nimeshavaa koti aliponiita. "Samahani. Msimamizi anaruhusiwa kushika nafasi ya mtu kwa saa chache. Nitasimama mimi kwenye tanuri. Nionyeshe tu jinsi ya kuinua trei zile za chini."

Nikamwonyesha. Mikono yake ni myembamba, trei ilimshinda mara mbili. Hakuomba samahani hata mara moja. Miezi yote hii nilikuwa nikimcheka.

Alhamisi, 15 Mei

Tumemzika kwenye mvua. Alikuwepo binti yake, mume wa binti, majirani wawili na mimi. Tajiri, pamoja na ubahili wake, alilizima tanuri siku tuliyomzika mbeba magunia, na alibeba jeneza mpaka shati likachanika begani, na mshahara wa mbeba magunia hakuulipa, mpaka leo mjane anaudai. Nimesimama pale nikiwa na yote mawili kichwani, wala sikujua nichague lipi.

Binti alinishika mkono. "Wewe ni nani wake?"

"Nafanya naye kazi. Tanuri."

"Wewe ndiye unayemsalimia?" Akaanza kulia upya. "Alisema kuna mtu kazini humuuliza amelalaje."

Tulipokuwa tunarudi njiani akaniambia yeye ni muuguzi wa usiku. Waliishi nyumba moja na baba yake, na mara nyingi alijua kama baba yupo mzima kwa kuona kikombe kimeoshwa. Jumamosi asubuhi aliporudi kikombe kilikuwa kikavu. Akaenda kulala, akidhani mzee amewahi kutoka. Alimkuta mchana.

Jumamosi, 17 Mei

Sikuandika kitu jana. Mvua imepungua.

Jumanne, 20 Mei

Binti wa kufungasha amenisalimia.

Jumapili, 25 Mei

Jua kutwa nzima, watu wameanika magodoro. Ofisi inataka jina wiki hii, Mama Pasi anataka jibu wiki hii. Nimempigia Kitinda mimi mwenyewe. Nilimkuta kazini, wana oda ya sare za shule, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba mchumba kapiga.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba hapa hutukanwi wala hudhulumiwi, ukiumia unatibiwa, jasho lako linalipwa siku yake. Kwamba atawekwa usiku na mimi niko mchana, mwaka mzima, tutaonana mlangoni. Kwamba nilijua tangu mwezi uliopita nikamficha. "Nilitaka uje tu, Kitinda. Kwa ajili yangu, si yako. Sasa amua mwenyewe."

Nikasikia anasogea mbali na cherehani.

"Kaka, na mimi nikwambie, usikasirike. Mimi sitaki kuja. Sikutaka toka siku ya kwanza."

"Sasa mbona ulisema nikuandikishe?"

"Kwa sababu yako. Kila tukiongea unanieleza tanuri. Tanuri, mkanda, tanuri, mvua. Hujawahi kunitajia mtu. Hata mmoja. Nikasema kaka yangu huko hana mtu, atakuja kuwa mwehu." Akashusha sauti. "Nilishamwambia Mama Pasi nitaondoka. Alinitukana, kisha akanikatia kitambaa cha gauni la safari. Analia huku anakata. Ukisema nije nitakuja, kaka. Hilo la usiku halinitishi. Lakini niambie ukweli, unaye mtu?"

Wakati huo nilikuwa nimekaa kitandani, mlango umefungwa. Nyuma yake wenzake walikuwa wanacheka kitu, na Mama Pasi anauliza kwa kelele ni nani kaiweka pasi juu ya sare.

"Ninaye," nikasema.

"Nani?"

"Kuna mzee mmoja wa mizani. Tunakula pamoja. Ananiletea mayai, ananilalamikia kiuno."

Nikamsikia anashusha pumzi, pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akaanza kucheka na kupenga kamasi kwa pamoja. "Sasa kumbe! Si ungesema toka mwanzo? Miezi yote hii unanielezea chuma."

"Nilisahau."

"Msalimie sana huyo mzee. Mwambie mdogo wako anasema akutunze."

Nikamwambia nitamfikishia. Akaitwa, akasema asante kaka, asante, akakimbilia cherehani yake bila kukata simu, na mimi nikaendelea kuwasikiliza mpaka salio likaisha.